Klezma si muziki wa matanga

Klezma ni muziki wa harusi wa Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Mgeni anayepita Kazimierz, mtaa wa kale wa Wayahudi mjini Kraków, Poland, anaweza kuondoka akiamini kinyume chake. Kwenye barabara ya Szeroka mikahawa huuza klezma pamoja na chakula cha jioni: unalipa kiingilio, unaletewa supu, taa zinafifishwa, kisha watu watatu wenye fidla, kodiani na besi wanakupigia majonzi. Nami nililipa. Supu ilikuwa tamu.

Wapigaji nao walikuwa mafundi. Ugomvi wangu ni uteuzi wa nyimbo. Jioni karibu nzima tulipewa doina, mtindo wenye asili ya Romania usio na mdundo wa kuhesabika: fidla inazurura peke yake, wengine wameshikilia sauti moja ndefu, na kila baada ya muda noti inakatika kama kwikwi ya mtu aliyelia hadi akachoka. Inachoma moyo, sikatai. Ila harusini doina ilisikilizwa wageni wakiwa mezani, na ikiisha muziki hukaza mwendo, watu wakainuka kucheza. Pale mkahawani nyimbo za kasi zilikuja mwishoni kabisa. Wazee wawili, mume na mke, wakasimama wacheze; mhudumu akawaomba wakae, sinia zipite.

Aliyelelewa na taarab atataabika zaidi pale. Ngazi mojawapo kuu ya noti za klezma inafanana mno na hijazi, ngazi ya muziki wa Kiarabu isikikayo kwenye taarab, na hilo lina sababu zake. Wanamuziki wa Kiyahudi wa pande za Romania walipakana na Dola la Uthmaniya na kusikia muziki wake. Taarab ya Unguja nayo ilipitia Cairo, alikopelekwa Mohamed Ibrahim na Sultani Barghash akajifunze. Hata fedha zilikwenda kwa njia tunayoijua: wageni waliwalipa wapigaji ili wapigiwe ngoma waitakayo. Sasa wewe uliyezoea kuinuka ukamtuze mwimbaji, unaambiwa ukae na kijiko chako!

Najua nitakavyojibiwa. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili Wayahudi wapatao 60,000 waliishi Kraków, karibu robo ya wakazi wote. Machi 1941 Wajerumani waliwafungia waliosalia mjini ndani ya geto la Podgórze, ng'ambo ya mto. Machi 1943 wakalifuta, wengine wakauawa palepale mitaani, wengine wakapelekwa kwenye kambi za Płaszów na Auschwitz. Wapigaji waliuawa pamoja na waliokuwa wakiwachezea. Baada ya hayo, nani atapiga Kazimierz kana kwamba hakuna kitu?

Sawa. Lakini kumkumbuka mtu kwa kifo chake tu ni kumpunja. Tafuta rekodi za klarineti za Naftule Brandwein na Dave Tarras, waliokuwa wamehamia Marekani kabla ya maangamizi hayo. Zimejaa mbwembwe na utani, na miguu haitulii. Vijana waliofufua klezma Marekani miaka ya 1970 walijifunza kutoka kwenye santuri za aina hiyo, wala si kwenye supu.

Wapo pia wanaosema kosa ni kwamba wapigaji wengi wa Kazimierz si Wayahudi. Hoja hii siikubali. Tamasha la Utamaduni wa Kiyahudi la Kraków lilianzishwa mwaka 1988, serikali ya kikomunisti ikiwa bado madarakani, na Janusz Makuch na Krzysztof Gierat, ambao si Wayahudi. Kwa miaka mingi lilihitimishwa kwa onyesho la wazi hapohapo Szeroka, bila kiingilio, na umati ukicheza hadi usiku. Barabara ni ileile na historia ni ileile, na hakuna aliyeona marehemu wametukanwa.

Ukipanga safari, ipange kwa tarehe za tamasha, kwa kawaida kiangazi. Ukikosa, uliza mkahawani kabla ya kulipa kama pana nafasi ya kucheza. Wakikuonyesha menyu, kale kwingine.