Vivumishi vya Kifaransa tupitie Kiswahili, tuache kuzungukia Kiingereza

Hii kitu inaniuma kweli. Kifaransa nilikianza na vitabu vya Kiingereza, na miezi mizima nikawa naandika "une rouge voiture" kwa sababu Kiingereza kinatanguliza rangi. Siku niliyojiambia hapana, sema kwanza gari jekundu, ikakaa yenyewe: une voiture rouge. Jina mbele sifa nyuma, si ndo tunavyoongea kila siku?

Afu utasikia watu wanalalamika eti kivumishi kinabadilika badilika, vert (kijani), verte, verts, vertes, mara kike mara kiume. Jamani, sisi toka utotoni tunasema mtoto mzuri, kiti kizuri, nyumba nzuri, maua mazuri, ngeli zote hizo hatujawahi kuchoka, leo kike na kiume na wingi ndo zitushinde? Wao wanabadilisha mkia wa neno, sisi kichwa, basi. Kazi ipo kwenye sikio tu, maana s ya wingi kwa kawaida haisikiki, ila t ya verte inasikika na ya vert inamezwa.

Hata beau (-zuri) kugeuka bel mbele ya sauti ya irabu, un bel homme, mwanaume mzuri, h yake haisikiki, kusikutishe, wewe mwenyewe unasema vitu vizuri lakini vitu vyeupe, hujawahi kusema "vieupe". Na vile vikaidi pia tunavyo: marron (kahawia) na orange (rangi ya chungwa) haviongezi s kwa sababu asili yake ni majina ya matunda, des chaussures marron, viatu vya kahawia, kama sisi na safi, ghali, rahisi, vilitoka Kiarabu na ngeli havitaki, viatu safi, nyumba safi, watu safi.

Panapotaka utulivu ni nafasi. Vichache vinatangulia jina, petit (-dogo), grand (-kubwa), bon (-ema), jeune (kijana), vieux (-zee), hivyo shika tu kichwani. Lakini kuna vinavyobadili maana vikihama, ma propre chambre ni chumba changu mwenyewe, une chambre propre ni chumba safi. Ninachokipenda kuliko vyote ni pauvre: un homme pauvre hana hela, un pauvre homme anatia huruma hata kama hela anazo. Walimu wanatumia nusu saa kulieleza hilo kwa Kiingereza, wakati kila mmoja darasani anajua mzee maskini ni yupi, na ukisema maskini, mzee wa watu, unamaanisha nini.