Proksi ya siberi: tuing'oe au tuitibu?

Ukurasa unafunguka nusu: picha ya juu inaonekana, chini panabaki peupe, kiduara kinazunguka dakika nzima. Katika siberi na ofisi za Bukavu zinazotumia Squid, programu ya proksi inayokaa kati ya mashine na intaneti na kuhifadhi nakala za vilivyoshushwa, fundi wa kwanza kuitwa huwa na jibu moja: ng'oeni proksi. Wa pili anakataa: mega (data) ni ghali, akiba ya nakala hizo ndiyo inayotuokoa.

Anayetaka kuing'oa ana hoja nzito. Kurasa nyingi leo ni za HTTPS, yaani zimesimbwa, na Squid huziona kama bomba lililofungwa: logi yake, access.log, inaandika TCP_TUNNEL, baiti zinapita, hakuna kinachohifadhiwa. Kulifungua bomba hilo kwa ssl_bump kunadai cheti chako kiwekwe kwenye kila mashine, na programu nyingi za simu hukikataa. Tena kwenye siberi, ambako wateja wanaandika nywila zao, hilo ni jambo la kutofanya kabisa.

Anayeitetea naye hakosi. Vifurushi vya programu vya Debian (aina ya Linux) bado husambazwa kwa HTTP ya kawaida; mashine 20 zikisasishwa, kifurushi chaweza kushuka mara moja tu. Ila wengi wanajidanganya hapa: maximum_object_size, kikomo cha faili inayohifadhiwa, isipoguswa ni MB 4, kwa hiyo vile vikubwa, ndivyo vinavyokula mega, havihifadhiwi. Ipandishe hadi MB 512, na mstari huo ukae juu ya ule wa cache_dir unaotenga diski ya akiba, la sivyo hautafuatwa. Nazo delay_pools, mipaka ya kasi, humzuia mtazama video mmoja asimeze laini yote, hata kwa HTTPS.

Kwenye uzito wa mtandao, proksi inaweza kuwa na hatia kweli. Faharasa ya akiba hukaa kwenye RAM: karibu MB 14 kwa kila GB ya diski katika mfumo wa biti 64. Ukitenga GB 100, faharasa peke yake ni GB 1.4, mashine yenye RAM ya GB 2 itaanza kuhamishia kumbukumbu diskini, na kila ombi litasubiri. GB 10 zinatosha siberi. Umeme ukikatika ghafla, Squid ikiwaka tena hujenga faharasa upya na kwa muda huo inajikongoja. Weka betri ya dharura, na uizime Squid kwa squid -k shutdown kabla betri haijaisha. Tazama pia cache.log isije ikawa inalalamikia filedescriptors, idadi ya faili na miunganisho inayofunguliwa kwa pamoja: kikomo cha 1024 hujaa upesi.

Ukurasa kukatika ni kesi nyingine, na mshukiwa wa kwanza ni MTU (ukubwa wa juu wa pakiti), si akiba. Laini ya PPPoE, ile ya kuingia kwa jina na nywila ya mtoa huduma, hubeba pakiti za baiti 1492, si 1500 za Ethernet. Pakiti kubwa ikifika penye wembamba, ruta ya hapo humtumia mtumaji ujumbe wa ICMP (taarifa za mtandao wenyewe) apunguze. Aliyezuia ICMP yote njiani, akidhani anajilinda, ameuzuia na ujumbe huo. Pakiti ndogo za mwanzo zinapita, kubwa zinapotea, ukurasa unaganda. Kutoka mashine ya Linux iliyo nyuma ya ruta, piga ping -M do -s 1472 kwa seriva ya nje. Ikishindwa, jaribu 1464. Ikipita, jumlisha vichwa vya baiti 28 na utapata 1492 kamili. Dawa ni kubana MSS, data inayobebwa na pakiti moja ya TCP, iwe 1452 kwenye ruta.

Kumbe Squid ikikaa kwenye mashine ileile inayopiga PPPoE, miunganisho yake huanza na kipimo sahihi. Wanaopita kwenye proksi wanaona ukurasa mzima. Wanaoikwepa ndio wanaokatikiwa. Hapo kuing'oa ni kuzidisha ugonjwa.

Kwa hiyo pima kwanza. Vuta faili moja ya HTTP kwa curl, amri ya kushusha faili, kisha tena ukiongeza -x na anwani ya proksi, mlango 3128. Kosa 18 la curl maana yake muunganisho umefungwa kabla data haijatimia. Likitokea njia zote mbili, proksi haina kosa. Likitokea kwa proksi tu, tafuta reply_body_max_size, kikomo cha ukubwa wa jibu, kwenye mipangilio ya Squid: jibu lisilotangaza urefu wake likivuka kikomo hicho, Squid hulikata katikati. Na TCP_MISS_ABORTED kwenye logi isikutishe. Mara nyingi ni mteja aliyechoka kungoja akafunga dirisha.