Mzee wa Dakika 25

Kazi yangu ni kuwaandikia wenye maduka mahesabu yao, na ritani ya VAT haijui undugu: ikifika tarehe 20, imefika. Mwezi huo tarehe 19 ilinikuta na boksi zima la risiti za duka la vifaa vya ujenzi. Asubuhi nikaamka na nia safi. Nikaanza kutafuta kalamu, kalamu ikanipeleka kwenye droo, droo nayo nikaikuta imelegea, na mke wangu anatoka kwenda kufundisha akaniacha nimeshika bisibisi.

Nina ADHD, hali ya ubongo inayofanya umakini usitulie. Daktari aliyenipima Dar alitaka kujua kama dalili zilikuwepo kabla sijafika miaka 12, nikampigia mama, simu ikawekwa spika. Mama akaanza na siku aliyonituma mafuta ya taa nikarudi magharibi na kifaranga. Alikuwa hajafika hata darasa la pili daktari akamwambia, mama, inatosha.

Huyo daktari ndiye aliyenieleza kwamba shida yangu si kutojua la kufanya. Shida ni kulianza, na kuuhisi muda unavyokwenda. Akaniandikia dawa, akanipa na mbinu mbili. Moja, kazi ikatwe vipande vya dakika 25, kila kimoja na mapumziko ya dakika 5, mtindo wa Mwitaliano mmoja, Francesco Cirillo, aliyejipimia muda kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Ya pili, mtu akae karibu nawe unapofanya kazi. Asisaidie, asiseme, akae tu. Usiniulize siri yake ni nini, mimi nikikaliwa nafanya kazi.

Sasa mke hayupo, nani anikalie? Nikamfuata mzee mmoja mstaafu wa reli, mtaa wa pili. Akaja saa mbili kamili, kaunda suti imepigwa pasi, begi la ngozi kwapani, tambuu shavuni.

"Mzee wangu, usiniongeleshe mpaka saa ilie. Na mtu akija, mnyamazishe."

"Ondoa shaka, mwanangu. Muda ndiyo kazi niliyostaafu nayo."

Akaweka kiti mlangoni penye upepo, akaizungusha saa, akanikazia macho.

Hebu itazame picha hiyo kwa macho ya Makorora, mtaa wetu hapa Tanga. Mlango u wazi. Mwanamume kainamia mlima wa karatasi, jasho linamtoka, kichwa hainui. Mlangoni kuna mzee wa kaunda suti na begi, hasemi neno, anamtazama tu. Kwetu mtu wa namna hiyo ni mmoja tu: mdai wa kausha damu, ile mikopo ya riba kali. Ukichelewesha rejesho, friji linabebwa.

Aliyeona mwanzo ni mama wa vitumbua. Kutoka kwake hadi kwa mjumbe wetu hapana hata upana wa barabara, na mjumbe akafika anajifunga kanga vizuri.

"Shikamoo mzee. Huyu kijana wetu ni mtu wa watu. Tunakuomba umsogezee siku."

Mzee, tambuu mdomoni na amri yangu kichwani, akaweka kidole kwenye midomo. Kisha akamwonyesha saa. Ndiyo kwanza alikuwa ameizungusha upya.

Mjumbe akatoka mbio. "Jamani, kapewa dakika ishirini na tano!"

Hayo nimesimuliwa. Mimi sikusikia kitu, na hapa ndipo watu wanaponiona mwongo. Mtu yule yule anayeshindwa kutafuta kalamu, kazi ikishamnasa hata nyumba iungue hajui. Nilikuwa naisaka shilingi 18,000 iliyopotelea kwenye misumari ya inchi nne. Nakumbuka kwa mbali niliinua miguu ili kitu kipite, na nadhani nilisema asante.

Kilikuwa televisheni yangu.

Friji lilitokea mlango wa uani mikononi mwa fundi baiskeli na vijana wake, likaenda kufichwa kwa mama wa vitumbua. Jiko la gesi, pasi, redio, hata feni iliyokuwa ikinipepea. Ndiyo maana ya lile jasho la mchana, nikadhani ni joto la Tanga tu.

Alasiri nikabonyeza kutuma, ritani ikaenda. Nikainuka kwa furaha niende kunywa maji ya baridi. Jikoni pameachwa ndoo na upawa.

"Mzee! Vitu viko wapi?"

Akatema tambuu nje, akajifuta. "Vimechukuliwa."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Uliniambia mtu akija nimnyamazishe. Wale walikuja wamenyamaza."

Mke wangu akaingia saa hiyo hiyo, mjumbe nyuma yake anamfariji. Kueleza kukawa kazi kuliko VAT yenyewe. Vitu vikaanza kurudi, isipokuwa friji, maana mama wa vitumbua alishagandisha barafu za kuuza, akaomba tumwachie hadi kesho.

"Na ule mchango?" mjumbe akauliza ghafla, mkono kifuani. "Mtaa mzima umechanga, nikampa huyu mzee kama rejesho!"

Tukageuka wote. Mzee alishafunga begi, yuko kizingitini.

"Mwanangu," akaniambia, "kwa malipo haya, kesho nije saa ngapi?"