Kisunzi cha futari hakimwachishi mtu sigara

Mvutaji wa Unguja au Pemba anakijua kisunzi cha sigara ya kwanza baada ya futari. Amekaa saa 13 hivi bila nikotini, mivuto mitatu tu kichwa kinazunguka na tumbo linachafuka. Mbona basi haachi?

Swali hilo linawahusu wanaotetea tiba ya karaha, yaani kumfanya mtu aichukie sigara mpaka mwili wenyewe uikatae. Iliyochunguzwa zaidi ni ya kuvuta haraka, iliyovuma Marekani miaka ya 1970. Mbele ya mtaalamu, mtu huvuta moshi kila sekunde 6 mpaka ashindwe au akaribie kutapika. Hupumzika dakika chache, kisha huanza tena, mara 2 au 3 kwa kikao. Baina ya vikao havuti hata moja, na hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Watetezi wana hoja. Kisunzi cha futari hufuatwa na nafuu: arosto inakatika papo hapo, na mwili unashika nafuu, unasamehe kisunzi. Mvutaji wa haraka anapitishwa pale ambapo mwenzake angeshaizima, hadi nafuu yenyewe igeuke karaha. Majaribio ya zamani yalielekea kuiunga mkono, ingawa mengi yalikuwa madogo na yenye kasoro.

Lakini bei yake kubwa. Moyo hupiga mbio, kaboni monoksidi hujaa damuni. Mwenye presha, maradhi ya moyo, kisukari au mimba asiiguse. Wala aliyebandika bandiko la nikotini, maana atazidisha dozi. Isitoshe, karaha hujifunzwa kwenye kiti cha kliniki, ilhali hamu inamsubiri barazani, pembeni ya kikombe cha kahawa.

Ndiyo maana mimi naona afadhali tiba ya karaha ya kuwaza tu, ijapokuwa ushahidi wake ni dhaifu. Fumba macho, ione baraza yako, mkono unaelekea kwenye pakiti. Kichefuchefu kinapanda kooni, matapishi yanamwagikia kanzu mbele za watu. Itupe sigara, uvute hewa ya bahari. Rudia kila siku, na kahawa isikosekane ndani ya picha. Iwe nyongeza ya ushauri nasaha na dawa, si badala yake.

Na anayetaka kuanza kuacha sigara Ramadhani ajue siku 3 za mwanzo ndizo ngumu kupita zote. Mchana saumu inamshika. Kazi yake ni kutoka futari hadi daku.