Valvu ina kumbukumbu, fomula haina

Kila anayejaribu kuandika programu ya kuiga mkwaruzo wa amplifaya ya valvu, zile chupa za kioo za kizamani zinazoongoza umeme, huanzia nilipoanzia mimi: unachukua mawimbi ya gitaa, unayapitisha kwenye tanh, fomula ya hisabati inayobana namba kubwa, vilele vinalainika, basi, unajiona umemaliza. Jioni ile nililala na furaha. Kesho yake nikapiga uzi wa kwanza, freti ya 24, nikasikia mzuka: sauti ngeni ambayo sikuipiga.

Mzuka wenyewe una hesabu. Noti ile ni kama 1,319 Hz, yaani mitetemo kwa sekunde. Ukiikata vilele kwa nguvu inazaa sauti nyingine juu yake, mara tatu, mara tano, hadi mara 35, yaani zaidi ya 46,000 Hz. Kompyuta inayochukua sampuli, yaani vipimo vya mawimbi, 48,000 kwa sekunde haishiki kitu kinachopita 24,000, kwa hiyo sauti hiyo inakunjwa na kurudi chini, karibu na 1,850, mahali ambapo hakuna aliyeialika. Vuta uzi kidogo tu: noti inapanda, mzuka unashuka! Dawa ipo, kuzidisha sampuli mara nne au nane kabla ya kukata, kisha kuchuja. Prosesa inatoka jasho, lakini hilo si tatizo kubwa.

Kubwa ni kumbukumbu. Chukua amplifaya ya Fender Bassman ya mwishoni mwa miaka ya 1950, ile ambayo Jim Marshall na mafundi wake waliifuata walipounda amplifaya yao ya JTM45 huko London mwaka 1962. Umeme wake unanyooshwa na valvu ya GZ34. Charaza kordi nzito: valvu za mwisho, zinazosukuma spika, zinavuta umeme ghafla, volti zinashuka, sauti inabanwa, halafu inachanua tena wakati nyuzi bado zinalia. Katikati ya hatua moja ya kukuza sauti na nyingine kuna kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme. Ukizidisha nguvu ya mawimbi, gridi, ule wavu ndani ya valvu, inaanza kupitisha umeme, kapasita inajaa, na valvu inabaki imekabwa hata baada ya pigo kupita. Noti ya pili inalipa deni la noti ya kwanza. Tanh haijui jana wala juzi. Ipe namba ileile, itakujibu vilevile.

Siku hizi wengi wamehamia kwenye mitandao ya neva, programu zinazojifunza kwa mifano: unarekodi amplifaya dakika chache, kompyuta inajifunza. Nakiri, nimeshawahi kudanganyika. Ila mara nyingi unakuwa umenakili mkao mmoja tu wa vitufe. Ukitaka kuongeza besi kwenye amplifaya yenyewe, urekodi upya. Mimi bado naiga sakiti, kapasita kwa kapasita, na usingizi wangu umelipia.

Halafu kuna wanaolaumu valvu bure. Spika ya gitaa ya inchi 12 inapoteza sauti haraka ikishapita 5,000 Hz hivi. Iondoe kwenye programu yako, na hata amplifaya bora kuliko zote italia kama nyuki ndani ya kopo.