Dola Ikishuka, Bei Haishuki

Sisi wapenzi wa michezo ya mezani hapa Nairobi tuna kazi. Januari 2024, dola ilipokaribia shilingi 160, muuzaji wangu alipandisha bei ya kila sanduku, nami nikanyamaza. Hesabu ilikuwa wazi. Kufikia Agosti dola ilikuwa imeteremka hadi kama 129. Nikarudi dukani nikitabasamu. Bei ile ile! "Boss, hiyo ni stoki ya zamani." Ajabu, kupandisha stoki hiyo hiyo ya zamani hakukumsumbua.

Halafu ikaja Aprili 2025. Trump akapandisha ushuru wa bidhaa za China hadi asilimia 145, na huko ndiko masanduku mengi ya michezo hii huchapishwa. Mwezi uliofuata akaushusha hadi 30. Mimi kodi yangu nalipa kwa KRA, si Washington, lakini naambiwa, "Ni mambo ya Trump, boss." Sawa, kampuni nyingi zina soko kubwa Marekani, na zikiumia kule huenda nasi tukabebeshwa. Lakini sanduku lenyewe lilikuwa kwenye rafu tangu Krismasi, limejaa vumbi!

Nikakwangua stika ya bei kwa ukucha. Chini yake stika nyingine. Chini ya hiyo, nyingine tena: 6,500. Ya juu kabisa ilisema 9,800.

Nikaenda zangu kioskini kununua karata. Mama akanitazama, akaguna: "Hizo zimepanda, mwanangu. Si unajua dola?"