Kuondoa Vitabu Katika Maktaba za Umma: Upotevu au Sehemu ya Kazi?

Mkutubi anaweza kukaa miaka 10 akisajili vitabu, akivipiga mihuri, akivibandika namba na kuvirudisha rafuni kila jioni bila mtu yeyote kumuuliza anafanya nini. Siku atakayoonekana nyuma ya jengo akipakia maboksi ya vitabu vikuukuu kwenye pikapu, simu ya mkuu wake italia kabla hajafunga mlango wa gari. Wataalamu wa fani huiita kazi hiyo kupalilia mkusanyiko, na ni lugha ambayo mkulima angeielewa mara moja, lakini kwa mpita njia kitabu si gugu. Kitabu ni elimu, ni fedha ya umma, na katika nyumba nyingi za kwetu ni kitu ambacho hakitupwi hata kikibaki jalada moja.

Wanaolalamika hawalalamiki bure. Mwaka 1996, maktaba kuu ya San Francisco, Marekani, ilipohamia jengo jipya, mwandishi Nicholson Baker alidai kuwa vitabu zaidi ya 200,000 vilikuwa vimepelekwa jalalani, na zogo lililofuata halijasahaulika katika fani hii hadi leo. Mwaka 2013, katika mji mdogo wa Urbana, jimbo la Illinois, maelfu ya vitabu visivyo vya hadithi viliondolewa rafuni kwa kuangalia zaidi umri wake, vile vilivyopita miaka 10, kabla wakazi hawajagundua na kupaza sauti. Kisa hicho cha pili kinaniudhi kuliko cha kwanza, kwa sababu hapo hakukuwa na kupalilia hata kidogo. Anayepalilia huinama akatazama mche mmoja baada ya mwingine, ilhali wale walipita na orodha ya tarehe.

Kwetu hoja ya wapinzani ina uzito zaidi kuliko huko. Vitabu ni haba, bajeti ya kununua vipya huja kwa kuchelewa au haiji kabisa, na rafu ikishapunguzwa inaweza kubaki na mapengo kwa miaka. Zaidi ya hapo, kitabu cha Kiswahili kilichochapishwa na East African Literature Bureau, shirika lililoanza 1948 na kuzimika wakati Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, hakina duka la kukinunulia tena. Nakala iliyolala katika maktaba ya mkoa, imetobolewa na wadudu na kupoteza jalada, huenda ni moja kati ya chache mno zilizosalia. Anayesema afadhali kosa la kubakiza kuliko kosa la kutupa ana sababu, nami simbezi.

Hata hivyo, kuna kosa la kubakiza ambalo wapinzani hawa hawalihesabu, kwa kuwa halipigi kelele wala halipakiwi kwenye pikapu.

Miaka michache iliyopita nilikaa mchana mzima katika maktaba moja ya umma nikisoma rafu ya 610, ile ya tiba na afya. Katikati ya vitabu vinene vya uuguzi, ambavyo migongo yake haikuwa na hata mkunjo mmoja, kulikuwa na kijitabu chembamba cha Kiswahili kuhusu malaria. Hicho kilikuwa kimesomwa. Pembe zake zilikuwa zimeviringana, ukurasa wenye mchoro wa mbu ulikuwa umechorwa kwa kalamu ya wino, na kwenye ukurasa wa matibabu mtu alikuwa amepigia mstari maelezo ya kumeza vidonge vya klorokwini kwa siku tatu. Kiliandikwa vizuri, kwa sentensi fupi na maneno ambayo mama yeyote angeyafahamu, na bila shaka ndiyo maana kilichakaa huku majirani zake wakibaki wapya.

Wenye umri wangu tunaikumbuka klorokwini kwa uchungu wake mdomoni na kwa mwasho uliokuja baada ya kuimeza. Kenya iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998, na Tanzania Bara ikafuata mwaka 2001, zote zikahamia SP, yaani vidonge vya sulfadoksini na pirimethamini, kwa sababu vimelea vilikuwa vimeshaota usugu na wagonjwa walikuwa wakimaliza dozi bila kupona. SP nayo haikudumu. Zanzibar ilianza dawa mseto, yaani artemisinini ikiambatana na dawa nyingine, mwaka 2003, Kenya ikaamua hivyo mwaka 2004, na Tanzania Bara ikaanza kuitumia mwishoni mwa 2006. Yaani mtu aliyepigia mstari ukurasa ule, kama aliupigia baada ya hapo, alikuwa akinakili kwa bidii ushauri uliokwisha kuzikwa mara mbili.

Nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi, kwa sababu linaonyesha tofauti kati ya kitabu kilichoko nyumbani na kitabu kilichoko maktaba. Kijitabu kile kingekuwa chini ya godoro la bibi, msomaji angekichukulia kama kitu cha bibi. Kikiwa kwenye rafu ya umma, kimepigwa mhuri wa serikali na kupewa namba inayokiweka miongoni mwa vitabu vya tiba, kinasema kwa sauti ya maktaba nzima. Anayekuja hapo mara nyingi hana simu yenye bando la kuhakiki, au ni mwanafunzi aliyeagizwa na mwalimu asikopi mambo ya intaneti bali atumie vitabu. Tumemfundisha aiamini rafu, kisha tukaiacha rafu imdanganye.

Mifano isiyo ya kuua iko tele. Atlasi ya kabla ya 2011 haina Sudan Kusini, ile ya kabla ya 2012 haina mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na Songwe haionekani hadi 2016. Nchini Kenya bado zipo rafu ambazo mtoto anaweza kujifunza mikoa minane kana kwamba kaunti 47 hazikuanzishwa. Mtu mzima hucheka na kufunua ukurasa mwingine, lakini mtoto huandika jibu lile kwenye karatasi ya mtihani.

Sehemu kubwa ya mzigo huu hatukuinunua. Ilikuja kwa makontena, ikiwa zawadi, na zawadi haikataliwi mlangoni. Huduma iliyoanzishwa mwaka 1954 kwa jina la Ranfurly Library Service, ambayo leo inaitwa Book Aid International, ilianza kwa kukusanya vitabu vilivyokwisha kusomwa Uingereza na kuvisambaza ng'ambo, lakini sasa hutuma vitabu vipya kutoka kwa wachapishaji. Watoaji wenyewe walikubali kwamba kitabu kisichofaa hakigeuki kufaa kwa kusafirishwa. Inashangaza kuwa wapokeaji tumekuwa wazito zaidi kulikiri hilo, na katika maktaba nyingi bado utakuta miongozo ya kodi ya Uingereza na vitabu vya programu za kompyuta zilizokufa, vimepangwa kwa heshima na kufutwa vumbi kila Ijumaa.

Ni kweli kwamba vipimo vilivyotungwa kwingine havituvai sawasawa. Kinachotajwa sana ni CREW, kilichotolewa na maktaba ya jimbo la Texas mwaka 1976, ambacho hutoa namba mbili kwa kila aina ya vitabu: miaka tangu kuchapishwa, na miaka tangu kuazimwa mara ya mwisho. Juu ya namba hizo huja maswali ya kuuliza kitabu kikiwa mkononi: kinapotosha, kimechakaa, kimepitwa na toleo jipya, hakina uzito, hakiwahusu wasomaji wa hapo, au kinapatikana kwingine kwa urahisi? Maswali hayo ni mazuri. Namba ya kwanza, kwa vitabu vya tiba, ningeitetea popote. Namba ya pili ndiyo inayotupoteza, kwa sababu wasomaji wetu wengi hawaazimi. Wanaingia asubuhi, wanakaa mezani, wanasoma, wanaondoka, na karatasi ya tarehe iliyogundishwa ndani ya jalada inabaki na mhuri wa 1994 hata kama kitabu kimeguswa wiki iliyopita.

Dawa yake ni ya bei ndogo, na nawasihi wenzangu waijaribu kabla ya kukiondoa chochote. Bandika tangazo la kuwaomba wasomaji waache vitabu mezani wasivirudishe wenyewe. Kila jioni, kitabu kinachookotwa mezani kiwekewe kibandiko kidogo cha duara mgongoni, cha rangi ya mwaka huo. Baada ya miaka miwili, ukisimama mbele ya rafu utaona kwa jicho moja vipi vinatumika na vipi vimelala, na mkubwa wako akiuliza utakuwa na jambo la kumwonyesha.

Maana mkubwa atauliza, na mkaguzi vilevile. Kitabu cha maktaba ni mali ya umma iliyoandikwa kwenye leja, na hofu ya kuonekana umeipoteza ndiyo inayowafanya wakutubi wengi waache mambo yalivyo. Nchini Kenya, Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali ya Umma ya mwaka 2015 inataka kamati ya uondoaji, na Tanzania nayo ina taratibu zake za kufuta mali kwenye leja. Tatizo ni kwamba taratibu hizi ziliwazia magari na meza. Kuitisha kikao kwa ajili ya vijitabu 40 huonekana mzaha, basi kikao hakiitishwi, na vijitabu vinaendelea kusomwa. Nafuu ipo katika kuandika sera ya uondoaji mapema, ukurasa mmoja au miwili, ipitishwe na bodi au kaunti wakati hakuna ugomvi, itaje nani anapendekeza, nani anaidhinisha na vitabu vinakwenda wapi. Kisha kila kinachotoka kipigwe mhuri wa kuondolewa juu ya ule wa zamani, kifutwe kwenye leja na katalogi siku hiyo hiyo, na kazi ifanywe mchana, wasomaji wakiona. Pikapu ya jioni ndiyo mama wa fununu.

Nabaki na deni la nakala za mwisho, na hapo wapinzani wanashinda sehemu yao. Vitabu vya Kiswahili, vya historia ya mahali, na machapisho yote yaliyopigwa chapa Afrika Mashariki yasitoke kwa uamuzi wa tawi peke yake. Kwanza iulizwe maktaba kuu kama inayo nakala. Sheria za kuweka nakala za kila chapisho zipo katika nchi zetu, ila kila aliyewahi kutafuta kijitabu cha miaka ya 1970 anajua kwamba si kila mchapishaji alizitii.

Kijitabu cha malaria kilikuwa na sifa zote mbili, kwa kuwa kilipotosha na pia kilikuwa chapa ya kwetu ambayo sikuwahi kuiona kwingine. Nilimpelekea mkutubi wa zamu, nikamwonyesha ukurasa uliopigiwa mstari. Alikisoma amesimama, akacheka kidogo alipofika kwenye mchoro wa mbu, akaniambia mwandishi alijua kuandika. Kisha akatoa namba ya 610 mgongoni kwa ukucha, akakipeleka kwenye kabati lenye kufuli la vitabu vya Afrika Mashariki, ambako msomaji hukiomba kwa kujaza fomu na kusomea mbele ya meza ya mkutubi. Kwenye daftari, mbele ya jina lake, aliandika kwa penseli: historia ya tiba, kisitumike kwa matibabu. Kule rafuni palibaki pengo la upana wa kidole, na hakuwa na kitabu cha Kiswahili kuhusu dawa mseto cha kuliziba.